MWANGWI KATIKA MISHIPA YA TUMBO

Mgonjwa anayetakiwa kupimwa mishipa ya damu ya tumboni kwa mawimbi ya sauti hupewa masharti kabla ya siku ya kipimo. Asile chochote kwa muda wa saa 6 hadi 8. Asivute sigara wala kutafuna chingamu. Afike asubuhi. Akiisha kufika hulazwa chali katika chumba chenye mwanga hafifu, hupakwa tumboni ute wa baridi, na mara kwa mara huamriwa avute pumzi na kuizuia. Wako wanaoyapokea masharti hayo kama wapokeavyo miiko: huyatii bila kuyafahamu, au huyavunja kwa kuwa hawaoni sababu ya kuyatii. Aliyekunywa chai na kula maandazi mawili alfajiri huona kwamba hakutenda kosa lolote, maana kinachopimwa si chakula bali ni damu. Kumbe huenda akarudishwa nyumbani bila kupimwa. Na kama ametoka mbali, nauli imepotea na siku imepotea.

Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hakuna hata sharti moja kati ya hayo lililowekwa kwa desturi tu. Kila moja latokana na kanuni za fizikia ambazo hufundishwa katika shule za sekondari chini ya mada ya sauti na mawimbi. Mwanafunzi azijuaye kanuni hizo aweza kumweleza mzazi wake kipimo kizima kabla hajaondoka nyumbani.

Mishipa inayopimwa

Damu itokayo moyoni hushuka tumboni kwa ateri kuu iitwayo aota. Ateri hii hupita nyuma ya ini na utumbo, ikiegemea uti wa mgongo, na karibu na usawa wa kitovu hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila mguu. Kipenyo chake kwa mtu mzima ni kama sentimeta 2. Njiani hutoa matawi: moja la ini, wengu na mfuko wa chakula, jingine la utumbo, na mawili ya figo. Kando yake, upande wa kulia, hupanda vena kubwa inayorudisha damu moyoni.

Upo pia mshipa mmoja wenye tabia ya pekee. Damu iliyokwisha kupita katika utumbo na wengu hairudi moyoni moja kwa moja, bali hukusanywa na kupelekwa kwanza kwenye ini, ili vitu vilivyofyonzwa kutoka katika chakula vishughulikiwe huko. Mshipa unaoipeleka tutauita hapa vena lango, kwa kuwa ni mlango wa ini. Inafaa msomaji aukumbuke, maana katika sehemu zetu za Afrika ndio mshipa wa tumboni wenye habari nyingi kuliko yote.

Mishipa yote hiyo imejificha sentimeta kadhaa chini ya ngozi. Kwa mtu mwembamba mkono wa daktari huweza kuhisi mapigo ya aota, lakini hauwezi kuhisi ateri ya figo wala vena lango. Picha ya kawaida ya eksirei nayo haisaidii sana, kwa kuwa damu na nyama huizuia miali kwa kiasi kinachokaribiana, isipokuwa mgonjwa adungwe kwanza dawa maalumu ya kuitofautisha damu.

Sauti isiyosikika

Sikio la binadamu husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde. Sauti inayozidi hapo haisikiki kwetu, ingawa popo huitumia kila usiku kujiongozea njia na kukamata wadudu. Mitambo ya kupimia tumbo hutumia sauti ya juu zaidi, yenye mitetemo milioni 2 hadi 5 kwa sekunde. Sababu yake ni kwamba wimbi haliwezi kuonyesha vema kitu kilicho kidogo kuliko urefu wake. Katika nyama laini za mwili sauti husafiri kwa mwendo wa wastani wa meta 1,540 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la mitetemo milioni 3.5 lina urefu wa milimeta 0.44 tu, nalo laweza kuuonyesha ukuta wa mshipa. Sauti ya mtu anayezungumza, yenye mitetemo 200 hivi, ingekuwa ndani ya mwili na wimbi la meta 7 na zaidi, yaani refu kuliko mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo mitetemo haiongezwi ovyo, kwa kuwa kadiri inavyozidi ndivyo mwili unavyoimeza sauti upesi, isifike mbali. Kwa shingo, ambako mishipa iko karibu na ngozi, hutumika mitetemo mingi zaidi. Kwa tumbo hatuna budi kuridhika na picha iliyo hafifu kidogo ili sauti iufikie uti wa mgongo na kurudi.

Sauti hiyo hutolewa na kifaa cha mkononi ambacho wapimaji hukiita probu. Ndani yake vimepangwa vipande vidogo vya kauri ya namna maalumu. Kipande kikipewa umeme hutetemeka na kutoa sauti. Kikisukumwa na sauti hutoa umeme. Probu basi ni mdomo na sikio kwa pamoja. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zikibanwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Mfaransa mwenzao, Paul Langevin, aliitumia tabia hiyo kutafutia nyambizi chini ya bahari. Mwaka 1958 daktari Ian Donald wa Glasgow, pamoja na John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walitangaza jinsi walivyochunguza uvimbe wa tumboni kwa mwangwi wa sauti. Hivyo chombo cha tumbo ni mjukuu wa chombo cha manowari.

Kanuni ya mwangwi mwalimu aweza kuionyesha nje ya darasa. Mwanafunzi akisimama meta 85 kutoka kwenye ukuta mkubwa na kupiga makofi, mwangwi utamrudia baada ya nusu sekunde, kwa kuwa sauti imesafiri meta 170 kwenda na kurudi, kwa mwendo wa meta 340 hivi kwa sekunde hewani. Mtambo nao hufanya hesabu iyo hiyo. Kila sentimeta moja ya kina humaanisha safari ya sehemu 13 za milioni za sekunde, kwenda na kurudi. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 130, mtambo huweka nukta kwenye kioo chake mahali pa kina cha sentimeta 10. Mwangwi mkubwa huwa nukta nyeupe, mdogo huwa ya kijivu, na pasipo mwangwi huwa peusi. Damu hurudisha mwangwi mdogo mno, na kwa sababu hiyo mshipa wenye afya huonekana kama mfereji mweusi wenye kuta za kijivu.

Kwa nini hewa ni adui

Sauti ikivuka kutoka kitu kimoja na kuingia kingine, sehemu yake hurudi nyuma pale mpakani. Kiasi kinachorudi hutegemea tofauti ya vitu hivyo viwili kwa uzito na kwa mwendo wa sauti ndani yake. Ini na figo hazitofautiani sana. Sehemu ndogo ya sauti hurudi, na iliyobaki huendelea mbele kutafuta mipaka mingine. Nyama na hewa zimetofautiana mno, hata zaidi ya asilimia 99 ya sauti hurudishwa. Nyuma ya kiputo cha hewa hapaonekani kitu.

Kutokana na jambo hili moja masharti mengi hufahamika. Ute wa baridi, ambao kwa sehemu kubwa ni maji, si dawa wala haukusudiwi kuingia mwilini. Kazi yake ni kuiondoa hewa nyembamba iliyoko kati ya probu na ngozi. Njaa ya usiku mzima ni ya kupunguza chakula na gesi katika matumbo yaliyotandazwa mbele ya aota kama pazia. Anayevuta sigara au kutafuna chingamu humeza hewa pamoja na mate, na soda ni gesi tupu iliyotiwa majini, kwa hiyo vyote hivyo hukatazwa. Asubuhi hupendelewa kwa sababu hewa ya tumboni huongezeka jinsi mchana unavyosonga, na pia kwa sababu saa nyingi za kufunga zimekwisha kupita usingizini.

Maji safi kidogo kwa kawaida huruhusiwa, na dawa za kila siku humezwa kwa maji hayo isipokuwa daktari ameagiza vingine. Mwenye ugonjwa wa kisukari, hasa atumiaye insulini, asifunge kabla ya kuuliza kituoni namna ya kufanya. Kwake njaa ya saa 8 yaweza kuwa na hatari kubwa kuliko kipimo chenyewe kina faida.

Iko na sababu ya pili ya kufunga, isiyohusu hewa. Ateri ya utumbo hubadili tabia baada ya mlo. Mtu mwenye njaa hupeleka damu kidogo kwenye utumbo, na katikati ya pigo na pigo mtiririko hupungua hadi karibu kusimama. Akiisha kula, matawi madogo hutanuka na damu huendelea kumiminika hata moyo unapolegea. Vipimo vinavyoitwa vya kawaida ni vya mtu mwenye njaa; anayepimwa akiwa ameshiba analinganishwa na mizani isiyo yake. Pengine daktari mwenyewe hutaka kuona badiliko hilo, na hapo mgonjwa hupimwa mara mbili, akiwa na njaa na akiisha kula.

Damu inayokwenda

Mpaka hapa tumeona jinsi mshipa unavyopigwa picha. Lakini picha ya bomba haituambii kama maji yanapita ndani yake, yanakwenda upande gani, wala kwa kasi gani. Majibu ya maswali hayo yalitokana na mawazo ya mtu aliyekuwa akifikiria nyota. Mwaka 1842 Christian Doppler, aliyekuwa akifundisha hisabati huko Prague, alieleza kwamba mawimbi ya kitu kinachotujia hutufikia yakiwa yamesongamana, na ya kitu kinachotukimbia yakiwa yametawanyika. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliijaribu hoja hiyo kwa sauti karibu na mji wa Utrecht: wapiga tarumbeta walipanda garimoshi, na watu wenye masikio hodari wa muziki wakasimama kando ya reli kusikiliza noti inavyopanda na kushuka. Mwanafunzi hana haja ya kusafiri mpaka Utrecht. Asimame kando ya barabara kuu basi lipite likipiga honi. Litakapompita tu, ataisikia honi ikishuka.

Ndani ya mshipa, basi letu ni chembe nyekundu ya damu, ambayo kipenyo chake hakifiki sehemu moja ya mia ya milimeta. Katika miaka ya 1950 Mjapani Shigeo Satomura wa Osaka alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia kanuni ya Doppler kuchunguza mwendo ndani ya mwili. Badiliko la mitetemo hupatikana kwa kuzidisha mara 2 mitetemo iliyotumwa, kuzidisha kwa kasi ya damu na kwa kosaini ya pembe iliyo kati ya mwale wa sauti na mshipa, kisha kugawanya kwa mwendo wa sauti. Namba 2 yatokana na kwamba badiliko hutukia mara mbili: chembe huipokea sauti ikiwa mwendoni, na huirudisha ikiwa mwendoni.

Tuseme mtambo unatuma mitetemo milioni 3, damu inakwenda meta 1 kwa sekunde kama ilivyo katika aota moyo unaposukuma, na pembe ni nyuzi 60. Badiliko litakuwa mitetemo 1,950 hivi kwa sekunde. Kwa vena lango, ambamo damu hutembea taratibu, tuseme sentimeta 20 kwa sekunde, badiliko litakuwa 390. Msomaji aziangalie namba hizo mbili vizuri, kwa maana zote zimo katika mipaka ya sikio letu. Mtambo huipeleka tofauti hiyo kwenye kipaza sauti, na mgonjwa husikia damu yake mwenyewe: ateri hutoa mivumo inayofuatana na moyo, na vena huvuma mfululizo kama upepo katika majani ya migomba. Wagonjwa wengine hushtuka wakidhani kuna hitilafu mwilini au mtambo umeharibika. Hakuna lililoharibika.

Hesabu hiyo yaonyesha pia udhaifu wa kipimo. Pembe ikiwa nyuzi 90, kosaini ni sifuri, na damu inayokwenda mbio huonekana kana kwamba imesimama. Ikiwa nyuzi 60, kosa la nyuzi 5 katika kuikadiria pembe hubadili jibu kwa chini kidogo ya sehemu moja ya tano. Ikiwa nyuzi 80, kosa lilo hilo la nyuzi 5 laweza kulifanya jibu liwe maradufu. Kwa hiyo mpimaji hodari hajali kumgeuza mgonjwa mara kushoto, mara kulia, mara kumwinua kidogo, mpaka mwale uulalie mshipa kwa nyuzi 60 au pungufu. Katika kazi nzima, hapa ndipo ustadi wa mkono wa mtu unapozidi ubora wa mtambo.

Udhaifu mwingine watu wa sinema wanaujua. Gurudumu la gari katika sinema huonekana pengine likirudi nyuma, kwa sababu picha zinazopigwa kwa sekunde ni chache kuliko zinavyohitajika. Mtambo nao hutuma pigo la sauti na kungoja mwangwi kabla ya kutuma jingine. Kwa kina cha sentimeta 15 huweza kutuma mapigo kama 5,000 kwa sekunde. Badiliko likizidi nusu ya idadi hiyo, yaani 2,500, mtambo hudanganyika na kuonyesha damu ikirudi nyuma. Kwa mfano wetu wa mitetemo milioni 3 na pembe ya nyuzi 60, mpaka huo hufikiwa damu ikienda meta 1.28 kwa sekunde. Ateri iliyobanwa huupita mpaka huo kwa urahisi. Mpimaji anayeijua hesabu hii hupunguza mitetemo au hubadili mpango wa mtambo. Asiyeijua ataandika ugonjwa usiokuwako.

Neno moja juu ya rangi. Mitambo iliyoenea tangu miaka ya 1980 huipaka damu rangi kwenye kioo, kwa kawaida nyekundu kwa damu inayoijia probu na buluu kwa inayoikimbia. Wanafunzi waliozoea michoro ya vitabu hudhani nyekundu ni ateri na buluu ni vena. Si hivyo. Rangi hapa ni habari ya upande tu, na mshipa mmoja uliopinda waweza kuwa mwekundu mwanzoni na wa buluu mwishoni.

Katika chumba cha kipimo

Mgonjwa hulala chali, tumbo wazi, na taa hupunguzwa ili kioo kionekane vizuri. Probu hutembezwa polepole kuanzia chini ya mbavu hadi chini ya kitovu. Pengine hukandamizwa kwa nguvu, ili kusukuma kando utumbo wenye hewa. Hilo laweza kukera kidogo, lakini lisiume, na penye maumivu mgonjwa aseme, kwa kuwa maumivu yenyewe ni habari kwa daktari. Anapoambiwa avute pumzi, ini hushuka kutoka chini ya mbavu na kuwa kama dirisha ambalo sauti hupitia bila kukutana na hewa. Anapoambiwa aizuie, ni kwa sababu figo na mishipa yake hupanda na kushuka kwa kila pumzi, na haiwezekani kupima kasi katika shabaha inayohama. Kipimo chote huchukua nusu saa hadi saa moja. Hakuna sindano wala miali ya eksirei, na madhara kwa mgonjwa kutokana na kipimo hiki hayajathibitishwa, ingawa wapimaji hufundishwa kutumia nguvu ndogo na muda mfupi kadiri kazi inavyoruhusu, maana sauti inayomezwa na mwili hugeuka joto. Kikiisha, mgonjwa hufutwa ute na kwenda kula.

Asikasirike mpimaji akikaa kimya muda mrefu au kuurudia mshipa mmoja mara tano. Mara nyingi anatafuta pembe. Majibu hutolewa na daktari aliyezisoma picha na namba zote pamoja na habari za ugonjwa. Pia si kila mara kipimo hufaulu: kwa mtu mnene sana, au mwenye gesi nyingi hata baada ya kufunga, ateri za figo pengine hazionekani, na hutafutwa njia nyingine.

Yanayotafutwa

Katika aota hutafutwa kutuna. Ukuta ukidhoofika, mshipa hutanuka pole pole bila maumivu, na ukipasuka, wagonjwa wengi hufa. Kipenyo kikifika sentimeta 3 mshipa huhesabiwa kuwa umetuna. Kwa wanaume, kikifika 5.5 huanza kufikiriwa upasuaji. Albert Einstein alikuwa na ugonjwa huu. Mwaka 1948 daktari Rudolf Nissen alimpasua tumbo na kuukuta mshipa umevimba, akauzungushia karatasi ya selofani ili ukuta wake ukakamae. Ulipasuka mwezi Aprili 1955. Einstein alikataa kupasuliwa tena na akafa tarehe 18. Wakati ule hapakuwa na njia nyepesi ya kuupima mshipa huo mwaka hata mwaka. Leo katika Uingereza wanaume wanaofikia umri wa miaka 65 huitwa wapimwe mara moja, kipimo cha dakika chache tu.

Katika ateri za figo hutafutwa kubanwa. Kila aliyeziba kwa kidole mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani anajua kwamba maji hutoka kwa kasi zaidi. Kipenyo kikipungua kwa nusu, eneo la njia hubaki robo, na ili damu ile ile ipite, kasi lazima iwe mara 4. Ndiyo maana mpimaji hutafuta mahali kasi inaporuka ghafula. Katika ateri ya figo, kasi inayozidi sentimeta 180 hadi 200 kwa sekunde hutiliwa shaka. Figo isiyopata damu ya kutosha hudhani kwamba mwili mzima umepungukiwa, ikapandisha shinikizo la damu. Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alilithibitisha jambo hilo mwaka 1934 kwa kuzibana ateri za figo za mbwa. Kijana mwenye shinikizo kubwa la damu lisilosikia dawa yafaa atazamwe hapo.

Vena lango na kichocho

Sasa turudi kwenye mshipa tuliouacha. Minyoo ya kichocho cha utumbo, ugonjwa uliojaa katika vijiji vingi vya kandokando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Albert, haiishi ndani ya utumbo wenyewe bali katika vena zinazotoka kwenye utumbo kwenda kwenye ini. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliona minyoo ya kichocho kwa mara ya kwanza mwaka 1851 huko Cairo, ndani ya vena lango ya maiti. Mnyoo jike hutaga mamia ya mayai kila siku. Baadhi hutoka na choo na kurudi majini kwa konokono. Mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama katika matawi madogo ya vena lango, na mwili huyazungushia makovu. Baada ya miaka mingi kila tawi huwa limevikwa makovu manene. William Symmers alieleza mwaka 1904, kutokana na maiti alizochunguza Misri, kwamba ini lililokatwa lilionekana kana kwamba vijiti vya kiko cheupe vimechomekwa ndani yake.

Damu isiyopata njia hurundikana nyuma. Wengu, au bandama kama wengi waiitavyo, huvimba. Njia za kando, ambazo kwa kawaida ni nyembamba kama nyuzi, hutanuka, na zilizo mbaya kuliko zote ni zile za kwenye umio. Siku moja mvuvi ambaye hakuwa akilalamika sana hutapika damu, na pengine hafiki hospitali akiwa hai. La kutisha ni kwamba chembe zenyewe za ini huendelea na kazi yake kwa muda mrefu, hata vipimo vya damu vya ini huweza kuwa vya kawaida wakati vena zake zimekwisha kubanwa.

Mwangwi huyaona makovu hayo waziwazi. Kuta za matawi ya vena lango, ambazo zingekuwa mistari myembamba, hung'aa kwa weupe na unene. Vena lango yenyewe, ambayo kwa mtu mzima kwa kawaida haizidi milimeta 13 hivi, hutanuka. Damu ndani yake hupungua mwendo, na shinikizo likizidi mno yaweza hata kugeuka na kuondoka kwenye ini badala ya kuingia. Rangi kwenye kioo hubadilika, na hapo rangi ni habari ya hatari. Pengine huonekana mshipa karibu na kitovu, katika njia aliyoitumia mtoto alipokuwa tumboni mwa mama yake, nao umefunguka upya.

Mitambo midogo ya kubebwa, iendeshwayo kwa jenereta au betri, imewawezesha watafiti kuyapima haya vijijini, kikiwemo kisiwa cha Ukerewe. Ili namba za kijiji kimoja ziweze kulinganishwa na za kingine, wataalamu walikutana Niamey mwaka 1996 chini ya Shirika la Afya Duniani wakakubaliana namna moja ya kupima. Picha za ini zimepewa herufi kuanzia A, ini lisilo na makovu, hadi F, ambapo makovu yametanda kama ukucha wa ndege. Na kipenyo cha vena lango hulinganishwa na urefu wa mtu aliyepimwa, kwa kuwa milimeta zilizo za kawaida kwa mtu mzima ni nyingi mno kwa mtoto wa miaka 8.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haiyeyushi makovu siku ya pili. Kwa mtu mzima ambaye vena za umio zimekwisha kutanuka, kazi iliyobaki ni kuzuia kutoka damu, kwa dawa za kupunguza shinikizo au kwa kuzifunga vena hizo kwa mipira midogo kupitia bomba lenye taa. Kwa watoto hali ni tofauti. Wengi waliotibiwa mapema na kupimwa tena kwa mwangwi baada ya miezi na miaka wameonekana kuta za vena zikipungua unene na bandama ikirudi chini ya mbavu.